Mkono Uliokata Muhuri

2 Machi

Wifi wa Vitabu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu kwenye bahasha. Hakuna mgonjwa. Kaka yako mzima, amelala sebuleni na gazeti limemfunika uso, linapanda na kushuka.

Nina shida ya kipuuzi na sina mwingine wa kumpelekea. Huku nimejiunga na kikundi cha watu wanaotengeneza kadi za salamu kwa mkono. Tunachonga mihuri kwenye raba za kufutia, tunachovya wino, tunagonga kwenye karatasi ngumu. Kila mwezi mama mmoja, tunamwita Mwenye Mada, anatoa mada na sharti lake. Mwezi huu ni mlango, kwa rangi mbili tu. Na mwaka huu kaongeza jambo: kila mtu awe na mwenzake wa mji mwingine, kadi zisafiri kwa posta pamoja na barua, na asionyeshwe mtu yeyote kabla hazijafika. Wenzangu wote wamepata wenza. Mimi nimebaki kama kandambili ya mguu mmoja.

Unajua kazi yangu ni meno ya bandia. Mchana kutwa nachonga jino la nta, nalitazama, nalikwangua tena mpaka lifanane na jino la mtu aliyelipoteza. Siku moja nikachukua raba nikachonga jani, basi, nikanasa. Sijui kwa nini jani la raba lilinifurahisha kuliko meno yote.

Najua mimi na wewe ni mawifi wa kusalimiana kupitia kwa kaka yako. Na najua Mama ana lake moyoni. Tangu marehemu baba yenu aondoke na kaka yako asirudi kulishika duka la viatu, mimi ndiye kamba iliyomfunga huku. Sikuombi umwambie lolote. Nakuomba uchonge mlango.

Wifi yako wa Meno


17 Machi

Wifi wa Meno,

Mimi mfanyakazi wa maktaba. Kuanzia asubuhi nagonga muhuri wa tarehe kwenye vitabu vya watu, rudisha tarehe fulani, rudisha tarehe fulani. Halafu wewe, kwa mapenzi yako, unataka nikifika nyumbani nigonge tena. Nilicheka peke yangu pale dawatini hadi msomaji mmoja akaweka kidole mdomoni mwake kunionya, mimi niliyeajiriwa kunyamazisha wengine.

Basi haya, mlango huo. Nimeuchonga mwenyewe. Kisu kilikuwepo hapahapa nyumbani na raba nikapata. Nyeusi na nyekundu, kama sharti linavyosema. Usicheke.

Mama hajambo. Aliniona na vikorokoro vyangu mezani akauliza ni kazi ya ofisini. Nikamwambia ni mchezo wa kadi na wewe. Akasema watu wazima kuchezea raba ni dalili. Dalili ya nini, hakusema. Akaenda zake uani.

Wifi yako wa Vitabu


12 Aprili

Wifi wangu,

Sijacheka. Nimeutazama mlango wako tangu ulipofika, na naomba uvumilie maswali.

Kwanza, ule mlango hauko wazi wala haujafungwa. Umeacha upenyo mwembamba ambao hukuupaka kitu, karatasi tupu, na bado mtu anaona kabisa kwamba ndani kuna taa. Umejulia wapi hilo? Mimi nilichonga mlango na kitasa na bawaba zote, ukatoka kama kabati.

Pili, ile siyo raba ya kufutia. Raba ikigongwa hutoa wino sawasawa kama siagi kwenye mkate. Yako ina mawimbi madogo yanayokwenda upande mmoja, membamba kama nywele. Niliyaona kwa ile miwani ya kazini ya kukuza. Ni kitu gani hicho?

Tatu, na hapa utaniona nimechanganyikiwa. Kivuli cha chini ya mlango kimekatwa kwa mistari mingi midogo ya mshazari. Mtu wa mkono wa kulia akikata haraka, mistari yake hulalia upande mmoja, hata asipotaka. Tunaliona hilo kazini, kila fundi tunamjua kwa mikwaruzo yake. Kwenye kadi, yako imelala kama ya mkono wa kulia. Nikakumbuka kwamba muhuri hugeuza picha, nikaishika kadi mbele ya kioo. Hapo ikalala kinyume, kama ya mkono wa kushoto. Nikamuuliza kaka yako unaandika kwa mkono gani. Akasema wa kulia, nyumbani kwao wote ni wa kulia. Akaniuliza kwani kuna nini. Nikasema hakuna kitu.

Mada ya mwezi huu ni mvua, na sharti ni bila rangi ya bluu. Yangu hiyo nakutumia. Usishangae rangi kufifia. Wino wa dukani umeniishia, nimetumia maji ya majani ya chai na maganda ya vitunguu.

Wifi yako wa Meno


26 Aprili

Wifi,

Wewe unatengeneza meno au unapeleleza watu?

Haya, ni soli. Mabaki ya soli kutoka duka la Baba. Duka limefungwa tangu afariki, lakini vitu vyake vimo, hata kiatu kimoja cha mteja ambaye hakurudi. Yale mawimbi ni ya soli yenyewe.

Kuhusu mkono, mkono ni mkono. Labda nilikaa vibaya.

Mvua yangu hiyo hapo. Hakuna tone hata moja, kama unavyoona. Kuna ndoo tu chini ya bomba la paa na kuku amesimama juu ya tofali. Mtu akiona kuku ameinua mguu namna ile, mvua anaijua. Mwenye Mada akiiona kwako, bila shaka atataka kujua nimeiwazaje. Mjibu nilimtazama kuku. Ndiyo kweli yenyewe, kuku alitazamwa.

Na sasa zamu yangu kuuliza. Kadi yako ina harufu. Sisi hapa tumeinusa tukaitambua, ni tangawizi. Umechanganya na tangawizi kwenye wino? Na wino wa dukani unakuishiaje, na wewe unakaa mji wenye maduka?

Wifi yako wa Vitabu


18 Mei

Wifi wangu mpendwa,

Tangawizi huwa naiweka mezani kwa ajili ya kikohozi. Tuiache hiyo.

Nimeshagundua, usijisumbue kuficha. “Sisi hapa tumeinusa.” Sisi nani? Mama hawezi kuinusa kadi yangu, hata salamu yangu kwenye simu huwa haiitikii. Kisu ni cha kukatia ngozi, kinaingia kwa kina na kutoka kwa wepesi, bila kusita. Soli inakatwa na mtu anayejua soli. Mkono si wako. Aliyekata ni mtu wa miaka mingi kwenye kazi hiyo, mtulivu, mwenye macho ya kumtazama kuku mpaka akaona mguu.

Wifi, ni nani huyo fundi viatu?

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Umekaa na Mama miaka yote, ukafanya kazi, ukarudi, ukapika, na kumbe kuna mtu anakaa nawe mezani jioni anakuchongea milango. Nilimwambia kaka yako kwa utani tu, akacheka, akasema heri. Niambie hata kidogo. Anatoka wapi? Ni mrefu?

Wako,
Wifi wa Meno


30 Mei

Wifi,

Kaka alipiga simu Jumapili. Akamuuliza Mama, simu ikiwa kwenye spika, eti huyo fundi viatu anayeingia hapo nyumbani jioni ni mtu wa wapi, na amekuja kujitambulisha au anakuja kuzoea tu.

Sitakuandikia yote yaliyofuata. Mama alikata simu. Akaniuliza ni nani aliyepeleka maneno kwamba nyumba ya marehemu imekuwa njia ya wanaume. Nikamwambia ni kosa, si maneno. Akasema kosa halina miguu, limebebwa. Kisha akakusanya visu na soli, akavirudisha dukani, akafunga kufuli, na ufunguo akautia kwenye kifua cha nguo yake. Tangu siku hiyo anakaa uani na mikono mitupu.

Sasa sikiliza, maana nimechoka kuwa daraja la watu wawili wasiosalimiana. Hakuna fundi viatu. Ni Mama.

Mlango wako nilianza kuuchonga mimi. Ulikuwa kama jeneza. Alipita na bakuli la mboga, akautazama, akasema mlango huu nani atataka kuingia. Akaweka bakuli, akanipokonya kisu. Kesho yake akafungua duka la Baba kwa mara ya kwanza, akatoka na soli na kisu cha ngozi. Alinifunga mdomo: yule wa kule asijue. Wewe ndiye yule wa kule, jina lako huwa halitaji. Lakini kadi zako alikuwa akizisubiri getini. Nikichelewa kurudi kutoka kazini, ananiuliza kama posta wamegoma.

Na ule mkono uliokusumbua. Hata mimi sikuwa nimeuona mpaka ulipoandika. Mama anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia. Lakini kisu alifundishwa na Baba, wamekaa uso kwa uso, meza ikiwa katikati, na yeye akamwiga kama anavyoonekana kwenye kioo. Baba akikata kwa kulia, yeye anakata kwa kushoto. Hakuna aliyemrekebisha. Nilipomsomea barua yako, aliutazama mkono wake wa kushoto. Kisha akasema, “Huyu mtu anaona.” Halafu akaniomba nimsomee tena pale pa mikwaruzo.

Kadi ya mwezi huu haipo.

Dada wa mume wako


9 Juni

Mama, shikamoo.

Ni mimi, wa kule. Barua hii nimeiandika kwako moja kwa moja, na wifi nimemwomba aiweke mkononi mwako bila kuisoma kwanza.

Maneno ya fundi viatu niliyatunga mimi. Nilimwona mtu kwenye kadi, nikamkisia vibaya, halafu nikapeleka kisio langu kwa mwanao kana kwamba ni habari. Nisamehe. Wifi hana kosa na nyumba yako haina doa.

Lakini nisiwe mwongo: bado nina maswali, na hayanipi usingizi mzuri. Ule upenyo wa mlango, ulijua tangu mwanzo kwamba utauacha mtupu, au kisu kilifika hapo kikasimama? Kuku ulimchora kwanza kwa penseli, au ulimkata moja kwa moja kutoka kichwani? Kichwani mwako, si mwa kuku. Na soli ikishakatwa, zile kingo zake unazilainisha kwa kitu gani? Mimi raba yangu huacha vinyweleo pembeni, nimejaribu moto, nimejaribu msasa, vinarudi.

Hapa kazini nina kisu kidogo cha kuchongea nta, kimechongoka kama unyoya. Nimekitia ndani ya bahasha, nimekifunga kwa kitambaa. Si zawadi ya kukununua. Nataka tu kujua mkono wako utakifanyia nini.

Mkweo


1 Julai

Mkwe,

Marahaba. Mimi si mtu wa kuandika, vumilia.

Kisu kimefika. Ni kidogo kama cha mtoto, nikakicheka. Kisha nikakijaribu kwenye jicho la kuku, kikaingia bila soli kujua. Nimekibakisha.

Upenyo wa mlango sikuukusudia. Nilifika hapo nikaona nikiendelea nitakuwa nimeufunga. Nikasimama. Kuku sichori. Unakata kile ambacho si kuku, anayebaki ndiye yeye. Vinyweleo havitaki moto, vinataka mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, unapangusa kuelekea nje. Baba yao alikuwa anafanya hivyo kwa kila kiatu.

Umeniuliza mengi, na mimi nina yangu. Wewe uliona mkono wangu. Mimi je, unadhani naletewa kadi nikaziangalia kwa kisogo?

Kadi ya kwanza ulitumia wino wa dukani, mzito, wenye harufu kali. Ya pili ukaja na maji ya chai, na harufu ya tangawizi imejaa bahasha. Ukasema kikohozi. Ya tatu hata kitunguu umekiacha, ni chai tupu. Mtu mwenye kikohozi hakimbii kitunguu. Mimi nimezaa wawili, na wote wawili walinikataza harufu ya gundi ya viatu, nikawa napeleka chakula cha mume wangu dukani nakiacha kizingitini.

Usiniambie kama hutaki. Najua ile mimba ya kwanza mlitangaza mapema na mkalazimika kuitangua habari kwa mdomo uleule. Najua pia kwamba sikuja. Nilikuwa na hasira na mwanangu, hasira ikakosea nyumba.

Nakuambia jambo moja tu. Tangawizi ichemshe, usiitafune mbichi asubuhi, tumbo tupu halipendi.

Duka nimelifungua. Nilitaka sana kijana arudi alishike, kwa kuwa nilidhani duka lile linahitaji mwanamume. Kumbe lilikuwa linahitaji mtu wa kukaa ndani yake. Nakaa mimi. Jana alikuja mwalimu wa shule hapo jirani kutaka muhuri wa nyota wa kugongea madaftari ya watoto. Nikamuuliza nyota ya pembe ngapi. Alikuwa hajawahi kufikiri.

Mama


5 Desemba

Kwenu wote mlio huko,

Kuna mtu atanijibu?

Mama aliondoka na mkoba wake na lile begi la visu, akasema anakwenda kumtazama mkwe wake kwa siku chache. Siku chache zimekuwa wiki, sasa ni wiki na wiki. Kaka simu yake haipatikani. Jana nilipiga nikampata Mama. Nikamuuliza, vipi, tayari? Akasema, “Tunakuandikia barua,” akakata. Sauti yake niliipima kila upande, haikuniambia kitu. Mama anaweza kukuambia nyumba inaungua kwa sauti ileile ya kuomba chumvi.

Wifi, unajua kwa nini naogopa. Mara ile pia kimya ndicho kilichotangulia.

Nikitoka maktaba napitia dukani nawasha taa kidogo, watu wasidhani pamefungwa tena. Yule mwalimu amekuja kutaka nyota nyingine. Nilijaribu kuichonga mimi, ikatoka kama pweza. Kaichukua hivyohivyo, anasema watoto watapenda.

Mnijibu. Hata neno moja kwenye karatasi.

Wa Vitabu


17 Desemba

Wifi wangu,

Tumewasili, kila mmoja wetu. Ni msichana. Analia kama anadai haki yake na akinyamaza anatukazia macho kama sisi ndio wageni.

Tulinyamaza kwa sababu Mama alikataza. Mtoto alikuja kabla ya siku zake, mdogo, wakamweka kwenye joto, na Mama akasema habari hii haitoki kwenye chumba hiki mpaka imeshiba. Kaka yako alizima simu maana alijua akisikia sauti yako atalia. Leo asubuhi daktari amemrudisha kwetu, akasema sasa ni kazi yenu. Mama akaniletea karatasi na kalamu kabla hata sijakaa vizuri.

Nikueleze alivyofika, maana najua yeye hatakueleza. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama na mkoba. Nikamwamkia. Akaitikia. Akaweka mkoba chini, akachukua mikono yangu, akaigeuza viganja juu, akavipapasa vidole kimoja kimoja mpaka alipokuta sugu ya kisu, hapa kwenye kidole cha kati. Akasema, “Unakibana mno.” Tukaingia ndani, akanionyesha namna ya kukishika, chai ikapoa mezani bila mtu kuikumbuka.

Usiku ule wa hospitali sitauandika. Alikuwa upande wangu wa kushoto muda wote, na jina langu alilitaja. Nililisikia vizuri kabisa, na siku nyingine yoyote ningelia.

Kadi ya mwezi hatukutuma. Mwenye Mada ameuliza kulikoni, sisi ambao tangu duka lifunguliwe hatujachelewa. Mada ilikuwa uso bila macho. Mama amenituma nimjibu kwamba mwezi huu tuna uso wenye macho, atusamehe, hatuwezi kutazama kwingine.

Na kweli ndiyo kazi tunayofanya hapa. Tunatazama. Tumegombana tangu asubuhi juu ya sikio. Mama anasema ni la marehemu baba yenu, lile lile, na ncha yake iliyokunjika. Mimi nimelikagua kwa miwani ya kazini na naona ni la kwenu nyote, lakini lina kitu cha upande wetu hapo chini. Kaka yako kaulizwa, kasema ni sikio tu, wote wawili tukamfukuza chumbani.

Omba likizo. Funga duka, acha taa inawaka kama unaona vema. Njoo uamue.

Wifi yako